Barua ya wazi kwa vijana mnaompima namba sita

Wanangu, makocha wa timu za vijana na ninyi mnaozunguka viwanjani kusaka wachezaji,

Salaam nyingi. Ripoti zenu nimezisoma zote, mbili mbili kwa siku, macho yenyewe ndiyo haya ya uzeeni. Moja imeninyima usingizi. Ni ile ya kijana anayecheza kiungo mkabaji, yaani namba sita, anayesimama mbele ya mabeki. Mmempa mistari mitatu: ana mwili, anakaba kiasi, mzito kugeuka, anapenda pasi za nyuma, hafungi. Chini mkaandika kwamba hatufai. Straika wa timu hiyohiyo mmempa kurasa mbili na mchoro.

Huenda kweli kijana hafai, sibishi. Ninachobisha ni namna mlivyofika hapo. Maneno yale yameandikwa na mtu aliyeufuata mpira kwa macho tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na ukiufuata mpira namba sita humwoni. Unamwona anapoingia miguuni mwa mtu, anapopewa kadi, anapopoteza pasi. Sehemu kubwa ya kazi yake anaifanya mpira ukiwa kwa watu wengine.

Nawaambia haya kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka hiyo nafundisha, nilikuwa na kiungo mmoja mkimya, mwembamba, asiyechafua bukta. Mechi nzima anaweza asiteleze chini kupora mpira hata mara moja. Nikamwona mzembe, nikamwacha aende, nikaleta simba. Simba kweli! Anaruka, anateleza, anapora, jukwaa linamwimba jina. Baada ya wiki chache mabeki wangu wa kati, watu niliowaamini, wakaanza kuonekana wabovu. Kila mechi wanabaki wawili kwa wawili na washambuliaji, kipa anaokota mipira wavuni. Nikawafokea mabeki. Nikabadilisha mmoja, nikabadilisha na mwenzake. Ilinichukua nusu msimu kuelewa kwamba simba wangu alikuwa anaukimbilia kila mpira, na kila alipoukosa aliacha nyuma yake shamba zima. Yule mkimya alikuwa hatelezi kwa sababu alishasimama mahali ambapo ile pasi ingepita, na mpinzani akimwona pale anaamua kuipeleka pembeni. Pasi isiyopigwa haiandikwi popote, wala mimi sikuiandika.

Hata wakubwa hupotea njia hiyo. Mwaka 2003 Real Madrid walimleta David Beckham, na kiangazi hichohicho wakamwachia namba sita wao, Claude Makélélé, aende Chelsea. Msimu uliofuata Madrid walimaliza ligi nafasi ya nne. Chelsea wakachukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2004/05 wakiwa wamefungwa mabao 15 katika mechi 38. Najua mtaniambia Chelsea walikuwa na Petr Čech golini na John Terry mbele yake, na ni kweli. Lakini mabeki huonekana wakubwa zaidi pale anapokuwepo mtu mbele yao anayepunguza kazi kabla haijawafikia.

Sasa tuje kwenye kumtazama. Kaeni juu, nyuma ya goli ikiwezekana, msikae pale katikati mlikozoea. Chukueni daftari, na kila kijana anapogeuza kichwa kutazama nyuma kabla mpira haujamfikia, pigeni kijistari. Hicho tu, kwa dakika kumi. Mtashangaa. Wapo watakaowapa vijistari vitatu na wapo watakaojaza mstari mzima wa daftari.

Halafu tazameni mpira mmoja kwa karibu. Beki wa kati anampasia, mpinzani anakuja mgongoni. Aliyeangalia mapema ameshasimama kiubavu, bega moja kwa beki na jingine kwa goli la wapinzani. Anauacha mpira umpite mbele ya mwili, anaugusa kwa mguu wa mbali, na mguso huo mmoja unatosha kumgeuza. Yule wa mgongoni amebaki anakaba hewa. Ambaye hakuangalia anaupokea akiwa amelielekea goli lake mwenyewe, anaukanyaga usimame, anasikia vishindo, anaurudisha kwa beki haraka kana kwamba unaunguza. Mkihesabu, wote wawili wamepiga pasi iliyofika. Ndiyo maana mtu akinijia na asilimia za pasi za namba sita namwomba kwanza anieleze zilikwenda wapi na zilipigwa kwa nini.

Hapo mtaona pia kwamba "anapenda pasi za nyuma" ni sentensi isiyosema kitu. Kuna pasi ya nyuma ya woga. Na kuna ya mtego: anaurudisha makusudi ili wapinzani watoke kwenye maskani yao, na pasi inayofuata beki wa pembeni yuko peke yake na uwanja mzima mbele. Sergio Busquets, aliyeanza kuchezea timu kubwa ya Barcelona mwaka 2008, hakuwa na mbio wala kifua cha kutisha watu. Akachukua Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012, akiwa katikati ya timu, akifanya mambo ambayo mtu wa jukwaani angeyaita ya kawaida.

Msinielewe vibaya mkadhani nawachukia wakabaji wa kweli. N'Golo Kanté alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester msimu wa 2015/16, akahamia Chelsea, akawa bingwa tena mwaka uliofuata. Huyo alikuwa anapora mpira kama watu wawili mapacha. Tofauti na simba wangu ni kwamba Kanté akikosa, alikuwa na miguu ya kurudi. Basi mkiona kijana anapora sana, jiulizeni kwanza kwa nini analazimika. Anayepora mipira kumi kwa mechi huenda ni hodari, na huenda ni mtu anayefika akiwa amechelewa mara kumi.

Mkiwa hapohapo, mchunguzeni akishapewa kadi ya njano. Katika fainali ya Kombe la Dunia 2018 Kanté huyuhuyu alipewa kadi kipindi cha kwanza, na dakika ya 55 Ufaransa wakamtoa na kumwingiza Steven Nzonzi. Wakashinda 4-2. Brazil walipata somo la aina nyingine kwenye mashindano hayohayo: namba sita wao, Casemiro, aliikosa robo fainali dhidi ya Ubelgiji kwa sababu ya kadi, Brazil wakalala 2-1 na safari ikaishia hapo. Faulo ni sehemu ya kazi ya namba sita, tusidanganyane. Ya kumshika mtu kwenye duara la kati ili kuua shambulizi la kushtukiza naielewa. Ya kumkata mtu aliyegeukia goli lake mwenyewe, asiye na pa kwenda, hiyo ni hasira, na hasira lazima iandikwe kwenye ripoti.

Kuhusu kufunga sitapoteza wino. Mnamkumbuka Victor Wanyama, Novemba 2012, alivyowatungua Barcelona kwa kichwa kutoka kona akiwa na Celtic? Na Rodri ndiye aliyefunga bao pekee la Manchester City dhidi ya Inter kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023. Matamu yote mawili, lakini hakuna aliyewasajili kwa ajili ya hayo.

"Mzito kugeuka" ndilo neno ambalo nilikaa nalo muda mrefu. Linaweza kuwa hukumu nzito kweli. Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68. Timu ikipandisha mabeki wote wawili wa pembeni, na viungo wengine wawili wakaenda kutafuta mabao, namba sita anabaki kuchunga upana wote huo yeye na mabeki wawili wa kati. Mzito ataumbuka hapo kila wiki. Mpe mwenzake wa kukimbia na habari inabadilika. Andrea Pirlo hakuwa mkimbiaji, naye aliiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia 2006 akiwa na Gennaro Gattuso ubavuni, anamkimbilia na kumpigania. Kwa hiyo udhaifu msiuandike peke yake kama ugonjwa. Andikeni alikuwa anacheza na nani, mfumo gani, mstari wa mabeki ulikuwa umbali gani nyuma yake. Katika ripoti yenu sikuona hata jina la kiungo aliyekuwa pembeni yake!

Yapo mambo ambayo mimi siyasamehi, na hapa nataka muwe wakali kuliko mlivyokuwa. Kijana anayepoteza mpira akasimama kulalamika mikono kiunoni. Anayeduwaa kuutazama mpira wa krosi huku mtu wake anaingia boksi nyuma ya mgongo wake. Na kubwa zaidi, yule anayekosea pasi moja kisha kwa dakika ishirini anajificha kwenye kivuli cha mpinzani ili asipewe mpira tena. Huyo wa mwisho hafichiki ukishajua kumtafuta: beki anainua kichwa, anamkosa, anabutua mbele. Kila mtu anamlaumu beki.

Sogeeni pia karibu na mstari msikie sauti yake. Namba sita bubu ananitia wasiwasi kuliko namba sita mzito. Na baada ya dakika ya 75 msiondoke kuwahi usafiri, maana pumzi ikikata, kichwa ndicho kinachoacha kugeuka kwanza, kabla hata ya miguu.

Kijana huyo anacheza tena Jumamosi. Nendeni wawili. Mmoja atazame mechi kama kawaida. Mwingine, kipindi cha kwanza chote, amtazame kijana tu: anasimama wapi, kichwa kinageuka mara ngapi, anaongea na nani, anafanya nini sekunde tano baada ya wenzake kunyang'anywa mpira. Mapumziko mbadilishane. Jumapili nileteeni daftari zote mbili, na kama bado mtasema hafai, nitaweka saini yangu chini ya zenu.

Mzee wenu