Kwa nini walimlaza mama kifudifudi

Pasua, Moshi
14 Agosti

Shoga yangu Rehema,

Hujambo? Watoto wazima? Mama ametoka hospitali juzi, namshukuru Mungu. Siku ile uliponiuliza kwenye simu, "Mtu hana pumzi, mbona wanamlaza kifudifudi?" sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Ilianza kama nimonia tu, baridi ile ya Julai. Siku ya nne midomo ikawa ya bluu, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma 71 kwa mia, picha ya kifua ikatoka nyeupe pande zote mbili. Daktari alisema mwili ulipigana na nimonia mpaka ukajiumiza wenyewe. Kuta za vile vifuko vya hewa mapafuni ni nyembamba mno. Zikishaumia, majimaji ya damu yanavuja na kujaa ndani, na ute unaovizuia visinywee unaharibika. Oksijeni unamwekea, lakini haina pa kupita. Hali hiyo wanaiita ARDS, na huwapata hata waliopata ajali mbaya au waliopaliwa na matapishi.

Wakamwingiza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia. Mara nesi akaja na futi, kama ile ya fundi cherehani, akampima mama kutoka utosini hadi kisiginoni. Rehema, nilitoka nje nikalia. Nilidhani ni vipimo vya jeneza. Kumbe pumzi ya mashine hupangwa kwa urefu wa mtu, maana ukinenepa mapafu hayakui. Mama na kilo zake 88 alipewa kama mililita 300 tu kila pumzi. Nikaona wanambania. Daktari akanieleza kwamba sehemu inayopokea hewa imebaki ndogo, ukiisukumia pumzi kubwa unaichana. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2000 ulionyesha pumzi ndogo zilishusha vifo kutoka karibu 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100.

Sasa hiyo kifudifudi. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni. Mgonjwa akilala chali, moyo na mapafu yenyewe yaliyolowa vinaigandamiza, kama godoro lililonyeshewa. Akigeuzwa inafunguka, hewa inaikuta damu. Walimgeuza watu watano, mmoja kashika kichwa na mpira wa hewa, akiwahesabia. Saa 16 kifudifudi, kisha chali, siku nne mfululizo. Usiku wa kwanza tu kipimo kikapanda hadi 93. Dawa ya kuondoa hali yenyewe haipo. Walitibu nimonia, wakapunguza maji ya dripu, wakayapa mapafu muda.

Siku hizi anatembea mpaka uani, akirudi anakaa kwanza ndipo aongee. Shavu la kushoto lina kovu la kulalia. Ukija Krismasi usilitaje, maana wageni wakiingia anajitanda khanga mpaka machoni.

Wako,
Anna