Kuhusu waya wa dishi na konekta zake

Sinza, Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nimefurahi kusikia kwamba nyumba ya Kigamboni imekwisha kuezekwa.

Redio ya setilaiti aliyokuletea kaka yako kutoka Marekani iweke kabatini tu, kwa sababu setilaiti zake huhudumia Amerika ya Kaskazini, na setilaiti ya AfriStar, iliyorushwa mwaka 1998 kwa ajili ya redio za namna hiyo barani Afrika, huduma yake ilikoma zamani. Kilichobaki kwetu ni dishi na king'amuzi cha chaneli za bure, ambacho hupokea redio pamoja na televisheni.

Fundi wako anakushauri ununue dishi kubwa zaidi. Mimi ningeanza na waya unaotoka kwenye dishi hadi king'amuzi. LNB, yaani kile kifaa kidogo cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, huteremsha masafa ya mawimbi hadi kati ya megahezi 950 na 2150, na katika masafa hayo waya wa aina ya RG-6 hupoteza nguvu ya mawimbi takribani desibeli 20 hadi 30 kwa kila mita 100, ilhali RG-59, ulio mwembamba zaidi, hupoteza nyingi kuliko hizo. Hakikisha pia ni wa omu 75, kwa maana RG-58 unaotumika kwenye redio za upepo ni wa omu 50 na si wa kazi hii.

Waya huohuo ndio unaopandisha umeme kwenye LNB, volti 13 au 18, na king'amuzi huchagua mkao wa mawimbi, wima au mlalo, kwa kubadilisha volti hizo. Kiini, yaani uzi wa katikati ya waya, cha chuma kilichopakwa shaba kina ukinzani mkubwa kuliko cha shaba tupu; waya ukiwa mrefu, volti 18 zinaweza kufika zimepungua kiasi kwamba nusu ya chaneli zinatoweka, na hapo dishi hulaumiwa bure. Ukienda Kariakoo, chukua sumaku: ikinasa kwenye kiini, mwenye duka amekuuzia chuma, hata akiapa vipi.

Kuhusu konekta, zile za kuzungusha kwa mkono sizipendi kabisa, hasa kwenu ambako upepo wa chumvi hauna simile. Tafuta za kubana kwa kibanio. Plastiki nyeupe ya ndani ikome sawasawa na sakafu ya konekta, kiini kitokeze kidogo nje ya mdomo wake, na usiache unyuzi hata mmoja wa wavu wa chuma ulio chini ya ganda la waya ukagusa kiini cha katikati, maana umeme wa LNB utapiga shoti. Kiungo cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kabla waya haujaingia ukutani uning'inie chini kidogo ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Pima urefu kutoka paani hadi sebuleni, kisha unijulishe. Kibanio ninacho, nitakuja nacho Jumamosi.

Wako,
Salum