Namba tasa hazikomei mia moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka yote niliyofundisha hisabati sekondari. Wanafunzi wengi hujifunza namba tasa, yaani zinazozidi moja na zisizogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe, kwa kukariri orodha, mbili, tatu, tano, saba, hadi kukaribia mia moja, kisha mada hufungwa kana kwamba namba zenyewe zimeishia hapo. Ninawasihi walimu wenzangu wawape pia namba moja kubwa ya kuhangaika nayo, na ninayoipendekeza ni 4,294,967,297.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hupatikana kwa namna hiyo hiyo, kila kipeo kikiwa maradufu ya kilichotangulia, zote ni tasa, akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba inayofuata, yaani hii yetu, inagawanyika kwa 641 bila baki.

Hapa ndipo penye utamu. Anayetaka kujaribu kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo cha pili cha namba hii atalazimika kugawanya zaidi ya mara 6,500. Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii kilicho tasa, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo moja, namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe! Kazi ya wiki nzima inakuwa ya kipindi kimoja.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kunyamaza, alisimama ubaoni akazidisha 6,700,417, ambalo ndilo jibu la kugawanya namba yetu kwa 641, kwa 641 ili aone kama namba yetu itarudi. Aliandika 6,700,417, chini yake 268,016,680, kisha 4,020,250,200, akajumlisha taratibu kutoka kulia huku darasa zima likihesabu naye kwa sauti. Tarakimu ya mwisho ilipoandikwa, aliirudia hesabu yote bila kuambiwa, kwa kuwa hakuamini kwamba imemtii. Kikokotoo kingempa jibu hilo hilo, lakini sidhani kama angelirudia.

Kama ukurasa wa watoto una nafasi, ninaomba uchapishe swali hili: 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047. Je, ni tasa? Wajaribu kwa kalamu na karatasi, na jibu lisichapishwe hadi wiki inayofuata.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro