Landlodi atupe maji kwanza, mashine ya kufulia baadaye

Mhariri,

Hii habari ya kutaka landlodi walazimishwe kutuwekea mashine za kufulia kwa nyumba za kupanga mimi naipinga, na ni mpangaji tena hapa Kisauni, Mombasa, si ati nina ploti mahali. Mashine ya kufungulia mbele hula kama lita 50 kwa mzigo mmoja, za kufungulia juu zaweza kupita 100, sasa nyie mnaonunua maji ya mkokoteni pigeni hesabu hiyo ni mitungi mingapi ya lita 20. Mji huu mpaka leo wategemea paipu ya miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima, na maji ya Baricho na Marere, na hayatoshi, ndio maana ploti nyingi zina kisima na kisima chenyewe chumvi tupu. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zafubaa, na chuma ndio usiseme. Kwetu mfereji wa chooni uliliwa na kutu mpaka ukakatikia mkononi mwa fundi, hiyo mashine itamaliza mwaka?

Na ikiharibika nani atalipa? Tunawajua hawa, atakata kwa depositi aseme ulijaza nguo kupita kiasi. Bei yake pia ataitia kwa kodi, na ile sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, yamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hebu nionyesheni nyumba ya bei hiyo yenye hata soketi ya kuchomeka mashine. Sijataja kina mama fua, ambao kazi yao ndiyo hiyo hiyo.

Walazimishwe vitu vya maana: karo la kufulia lenye maji matamu, paipu ya maji machafu isiyomwagia jirani wa chini, na mahali pa kuanika. Kwetu paa lina kufuli, kejateka, yule msimamizi wa ploti, asema ati tutaharibu tangi, basi twaanika madirishani, mvua za Mei zikianza jinzi yakaa siku tatu na ikikauka yanuka uvundo.

Mwenye pesa zake anunue mashine yake, lakini aachiwe mfereji na soketi mahali pakavu. Nimeona nyumba mpya kule Bamburi hazina, watu wavuta ekstensheni kutoka sebuleni mpaka bafuni kwenye maji, kaunti ikipitisha ramani za majengo iangalie hapo.

Mpangaji, Kisauni