Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Hospitali: Tuwekee Muuguzi Mlangoni

Mheshimiwa Msimamizi,

Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Hospitali yako sitaitaja. Wewe waijua, na sisi tunaovuka feri kuifuata twaijua zaidi.

Jumatatu asubuhi nilimleta mamangu, ana pumu. Alikuwa hawezi kusema kwa mfululizo: neno, pumzi, neno, pumzi. Kila akivuta hewa mabega yanapanda na kishimo cha shingo kinabonyea. Bawabu akatuuliza kama tumejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali. Dirishani tukapewa namba, tukaonyeshwa benchi. Kijana aliyekuja kugongewa muhuri fomu ya shule akaingia kabla yetu, maana namba yake ilikuwa ndogo. Foleni ni foleni, au sio?

Nikahesabu pumzi za mama kwa saa ya simu: 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Nesi yeyote alifunzwa hilo chuoni, na kuhesabu pumzi hakutaki umeme wala tenda. Kunataka mtu wa kuangalia. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akipita zake ndiye aliyeuona mdomo wa mama umebadilika rangi, akambana kile kifaa cha kidole: oksijeni asilimia 84, chini mno. Hapo ndipo machela ikapatikana ghafla.

Siwalaumu manesi. Yule wa zamu alikuwa akichoma sindano, akifunga vidonda na kupima presha, yote yeye. Nahisi wenzake wamepelekwa wodini, au hawakuajiriwa kabisa kwa kuwa dirisha la malipo huingiza pesa na meza ya kupima wagonjwa haiingizi. Kama nimekosea nisahihishe, ila si kwa hotuba. Hotuba tulishasikia. Siku ya kukata utepe uliahidi kwa kinywa chako kwamba kila mgonjwa ataangaliwa kabla ya kuandikishwa, na waliozidiwa watapita mbele. Tulipiga makofi. Utepe uliukata vizuri sana.

Tena hakuna aliyeniuliza mama anakunywa dawa gani. Nilikuwa nazo mkobani, za presha, na zipo dawa za presha, kama propranololi, zinazoweza kumbana kifua mwenye pumu. Sisi tunaomwamsha usiku ndio tunaojua hali ilianza lini. Badala ya kuulizwa tulifukuzwa kama wachuuzi, tukakaa nje hadi alasiri bila hata kuambiwa anaendeleaje.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hiyo dharura itajulikanaje ikiwa wa kwanza kuiona ni bawabu?

Mama amerudi nyumbani, alhamdulillahi. Ombi langu ni muuguzi mmoja mlangoni, mchana na usiku, kabla ya namba, kabla ya SHA. Meza kama hamna tutachanga. Kiti tutaleta wenyewe. Wewe lete muuguzi tu, Mheshimiwa. Muuguzi mlangoni.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa, Likoni