Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumewazika wenzetu saba waliougua saratani ya mapafu. Katibu ameshasoma majina yao tukiwa tumesimama. Nimepitia mafaili yao kwa ruhusa ya familia, na kuna jambo linaloninyima usingizi: watano kati yao walinywa dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa kabla mtu yeyote hajatamka neno saratani.

Magonjwa haya mawili hufanana mno mwanzoni. Kikohozi kisichokatika, kukonda, damu kwenye makohozi, kivuli kwenye picha ya kifua. Kwetu kifua kikuu ni kingi, kwa hiyo daktari kukifikiria kwanza si kosa. Kosa ni pale makohozi yanapopimwa yasionyeshe kitu, mgonjwa anywe dawa asipate nafuu, halafu aambiwe aendelee tu. Kadi ya kliniki ya marehemu mdogo wangu ninayo hadi leo. Uzito umeandikwa kila alipohudhuria: 61, 58, 55, 51. Pembeni, mwandiko uleule: "aendelee na dozi". Alipokuja kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha pafu cha kupima saratani, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Ndiyo maana fedha nyingi za mwaka huu tumezitumia kuchapa vile vikadi vyenye maswali mawili ya kumuuliza daktari: "Makohozi yangu yameonyesha nini?" na "Kama hayana kitu, kinyama kitachukuliwa lini?" Baadhi yenu mliona ni jambo dogo. Mimi naona ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya.

Duniani kote, mwaka 2022 saratani ya mapafu iliua watu wapatao milioni 1.8. Hakuna saratani nyingine iliyoua wengi hivyo. Tumbaku ndiyo chanzo kikuu, ila miongoni mwetu wamo akina mama ambao hawajawahi kugusa sigara. Moshi wa kuni na mkaa nao unashukiwa, kwa hiyo tunaunga mkono mkakati wa Serikali wa 2024 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Mliniuliza kwa nini chama hakidai wavutaji wote wapigwe CT skani, ile picha ya kina ya kifua. Ni kweli, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011, uliohusisha watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kipimo hicho kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kuliko eksirei. Lakini kwetu mapafu mengi yana makovu ya kifua kikuu, ambayo kwenye picha huweza kufanana na saratani, na kila kovu litahitaji maelezo. Kwanza tuhakikishe mwenye dalili anapata jibu. Hata vile vidonge vipya vinavyolenga kasoro ya jeni iitwayo EGFR vinaanzia kwenye kinyama hichohicho. Katika matokeo ya 2023, wagonjwa wenye kasoro hiyo waliofanyiwa upasuaji mapema kisha wakatumia osimertinib, kimojawapo cha vidonge hivyo, asilimia 88 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 78 ya wasioitumia. Bei yake bado hatuiwezi, na tutaendelea kuipigia kelele.

Kuhusu maumivu. Mwezi wa nane nilimtembelea mwenzetu mmoja nyumbani. Chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, ilikuwa kabatini, haijafunguliwa, wakati yeye analala ameketi, ameegemea mito mitatu. Familia iliogopa, ikiamini ni dawa ya kufia. Mke wangu ni muuguzi. Alikaa nao, akawaonyesha jinsi ya kupima kwa bomba la sindano na kufuata saa alizoandika daktari. Usiku ule mgonjwa alilala. Jamani, tusiwaache wagonjwa wetu na maumivu wakati dawa ipo ndani. Timu ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu) ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, huwaelekeza wauguzaji, waulizeni.

Hesabu atazisoma Mhazini. Ada za nusu ya pili ya mwaka zimelegalega, na nauli za wagonjwa wa mikoani ndizo zilizoumia.

Katoni mbili za vikadi zimebaki kwa Katibu. Anayesafiri kwenda mkoani wiki hii achukue vya kutosha, aviache kwenye zahanati ya kwao.