Cheni zifunikwe, mchanga wa Tabora hauna huruma

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba pikipiki kubwa za safari ni mbwembwe za wenye fedha, hazina la kutufundisha.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Isevya, Tabora. Nahudumia BMW R100RT ya mzee mmoja, toleo lililotoka 1978, cc 980. Waliochora mashine ile walimfikiria msafiri aliye mbali na duka la spea. Silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia, kila moja inapata upepo wake. Nikitaka kuseti tapeti, yaani nafasi ya valvu, sigusi tenki wala kiti. Nachuchumaa ubavuni, natoa kifuniko, valvu hizi hapa mbele ya macho. Ukivuta ekseleta pikipiki imesimama, inalalia kulia kidogo, maana krenki, mhimili mkuu wa injini, imelazwa kufuata urefu wa pikipiki.

Mpangilio huo mhandisi Max Friz aliuleta BMW mwaka 1923, kwenye pikipiki ya R32 ya cc 494. Kabla yake injini ya namna hiyo mara nyingi ilifungwa silinda moja mbele na nyingine nyuma. Ya nyuma ikawa inachemka kwa kukosa upepo. Friz akaigeuza, na kwa kuigeuza akaweza kupeleka nguvu gurudumu la nyuma kwa shafti, fimbo ya chuma inayozunguka, badala ya cheni. Kwenye R100RT shafti inazunguka ndani ya bomba lenye oili. Mchanga hauifikii.

Bodaboda zetu je? Cheni iko wazi. Kijana anaipaka oili asubuhi, anaingia njia za Uyui, mchanga unagandana na ile oili unakuwa kama msasa. Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na cheni, nikizifungua zimechongoka meno hadi zinakata kidole. Na cheni hiyo ikiruka ikakaba gurudumu, nyuma kapakiwa mama na mtoto!

Sidai bodaboda zifungwe shafti. Ni nzito, ni ghali, na inakula nguvu ya injini ndogo. Kasha linalofunika cheni yote, juu na chini, linatosha. Honda Super Cub ililetwa nalo tangu 1958. Wanaoagiza pikipiki wadai kasha hilo kiwandani. Na ninyi madereva ambao pikipiki zenu zimekuja nalo, acheni kulivua eti linasumbua kukagua cheni. Tundu la kukagulia lipo, toa kizibo uchungulie.

Fundi pikipiki,
Isevya, Tabora